Ushuhuda wa Kifaru

Mtu aliyeokoka angali mtoto ana shida moja kubwa: siku ya ushuhuda hana la kusema. Wenzake wanasimama. Huyu alikunywa pombe ya kaluvu mpaka akauza mabati ya nyumba yake, yule alizunguka kwa waganga mpaka soli za viatu zikaisha, na Bwana akawaokoa wote, na kanisa linasema amina madirisha yanatetemeka. Kisha unasimama wewe, mtoto wa mwinjilisti, uliyekuzwa kwa uji na mistari ya Biblia, unasema umempokea Yesu tangu shule ya Jumapili. Amina unayopewa hapo ni ile ya kumpa pole mgonjwa.

Evanson Kitonga alizimeza amina za namna hiyo kwa muda mrefu, mwisho akaona hapana. Alikuwa fundi cherehani, amehamia Nunguni kutoka Kitui akiwa kijana, na hapakuwa na mtu mlimani pale aliyemjua utotoni. Jumapili moja, Kimeu muuza mbao akiwa ametoka tu kuliliza kanisa kwa habari za pombe yake, Evanson alijikuta amesimama.

"Mimi," akasema, "Bwana alinitoa kwa nzaiku."

Hata watoto wakaacha kulia.

Kwa asiyejua, Wakamba wa zamani walikuwa na nzaiku, yaani jando lao, mbili. Ndogo ni ile ya kisu, na hiyo siku hizi hata hospitali inaiweza. Kubwa ndiyo iliyokuwa shule yenyewe, ya wavulana na wasichana: nyimbo, vitendawili, adabu, na mwisho wa yote kifaru. Mbusya. Ananguruma kichakani, nawe unapelekwa kumkabili na fimbo tupu. Wamisionari walipokuja walisema ni mambo ya giza, waumini wakakatazwa, na waliokuwa wameipitia wakafunga midomo yao. Basi kitu kisichosemwa watu hukitamani, na Evanson alikisema chote, kuanzia ngurumo hadi vumbi.

Amina aliyopewa siku ile alikwenda nayo nyumbani akashindwa kula.

Tangu hapo hakushikika. Aliitwa Kasikeu akashuhudia, akaitwa Wote, akaitwa mpaka redioni, kile kipindi cha Kikamba cha alfajiri. Na kifaru naye alikuwa anakula vizuri, maana kila mwaka alinenepa. Alianza na pembe moja kama mnyama mwenye heshima zake, lakini kufikia miaka ya korona alikuwa anatoa moshi puani. Evanson akafanywa mzee wa kanisa. Mjukuu wake Mulei, aliyemlea tangu akiwa wa kunyonya, shuleni aliitwa Mjukuu wa Kifaru, na alitembea kifua mbele kwa jina hilo.

Ulikuwa uongo. Tena hata haukuwa uongo wake mwenyewe, na hapo ndipo panaponichoma mimi. Mtu akidanganya, si angalau ajitungie?

Baba yake mwinjilisti alimpeleka zahanati ya misheni, akatahiriwa na daktari mwenye miwani huku ameshika biskuti mkononi, yakaisha. Aliyekwenda nzaiku kubwa ni dada yake Kasiva. Kasiva alitoroka nyumbani akamfuata nyanya yao kule Mutito, akaimba, akategua vitendawili, akasimama mbele ya kifaru, akarudi nyumbani akachapwa na baba kwa mwiko mpaka mwiko ukavunjika. Kisha kila walipokwenda kuchunga mbuzi alimsimulia mdogo wake, na mdogo wake kila siku alitaka kusikia tena. Evanson hakuwahi kumwonea mtu wivu maishani mwake kama alivyomwonea dada yake katika malisho yale. Hata alipokuwa mzee mwenye mvi, akisimama madhabahuni kusema "mimi," alikuwa anasikia raha ya kuwa Kasiva.

Basi mambo yakaenda vizuri hadi alipokuja Pasta Nthiwa.

Pasta Nthiwa alikuwa kijana, ametoka chuo cha theolojia na mawazo mengi. Mkewe Wanjiro ni mtu wa Murang'a, na kule kwao makanisa yana kambi za wavulana wanaotahiriwa tangu zamani. Wanakatwa hospitalini, halafu wanakaa pamoja wakifundishwa utu uzima na Neno. Pasta aliona hiyo kitu ni nzuri, lakini akaona Wakamba wasiazime ya jirani wakati wana yao.

"Tukikataa kila kitu cha babu zetu," aliwaambia wazee kwenye kikao, "hawa vijana watafundishwa na simu. Nzaiku ilikuwa na mambo mazuri. Tuyabatize."

Wazee wakaguna kwa kukubali.

"Hata huyo kifaru tumbatize. Siku ya mwisho kila kijana apambane naye. Tutamwandika ubavuni: DHAMBI. Wakimaliza, mlezi wa kambi anawawekea mikono wote. Na mlezi lazima awe mtu amepita nzaiku yenyewe, si mtu wa kusikia."

Akatabasamu, akamgeukia Evanson. Vichwa vyote vikamgeukia Evanson.

"Kazi ya mikono pia ni yako, mzee. Sisi hatujawahi kumwona. Wewe ulipigana naye, wewe utatutengenezea."

Evanson alimwaza Mulei. Mulei angekuwa katika kambi ile. Kwa miezi alikuwa anaiwaza siku ya kuweka mkono juu ya kichwa cha mtoto yule amwambie umekuwa mwanaume, na sasa siku yenyewe imekaribia na kifaru amesimama mlangoni.

"Ndani yake anakaa mtu mmoja ama wawili?" akauliza Kimeu, ambaye tangu siku ya kunyang'anywa machozi ya kanisa hakuwa amesahau.

"Hiyo ni siri ya ndani," akasema Evanson.

"Basi utatuonyesha," akasema Kimeu kwa upole uliozidi.

Mwenye shida hachagui mlango wa kubisha. Evanson alitoka kikaoni akaenda nyuma ya ghala la kanisa akampigia Kasiva simu. Kasiva alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa ndengu sokoni Kitui, mjane mwenye sauti ya kusimamisha lori, na alipokea simu huku anamfokea mtu kuhusu magunia.

"Dada, habari ya huko."

"Sema shida. Wewe hunipigii kunisalimia."

"Ati yule kifaru. Wa nzaiku. Mlikuwa mnamtengeneza na nini?"

 Kasiva akamwacha yule mtu wa magunia, na Evanson akajua ameisha.

"Mbona unaniuliza mimi?" akasema Kasiva. "Si wewe ndiye ulipigana naye? Nilikusikia redioni. Nilikuwa napima ndengu ya mteja, nikasema, ngoja kwanza, huyu mnyama mimi namjua. Nikakaa nikasikiliza mpaka mwisho. Kifaru ulichukua, fimbo ulichukua, hata kuanguka kwangu kwa matope ulichukua. Mwiko wa baba ndio uliniachia."

"Dada, nihurumie. Mulei yuko hapo."

"Mulei ndiye atakuokoa, si huruma yangu. Nakuja. Lakini sikia, Evanson. Hiyo kitu ina sheria zake. Mtu hajapita haoni ikitengenezwa. Na siku ikifika, mtu hajapita anasimama mbele na watoto."

Evanson alisema sawa. Angeambiwa asimame juu ya paa angesema sawa.

Kasiva alifika Nunguni na kapu moja na mtungi mkubwa wa udongo, akasalimia watu kwa adabu zote, akamwambia pasta amekuja kumsaidia ndugu yake kufunga kamba. Kisha akazunguka kanisani akiwatazama akina mama wazee machoni, mmoja mmoja, akiimba kitu chini ya pumzi. Susu Kalekye, nyanya wa kuketi benchi la nyuma ambaye katika uhai wote wa kanisa lile hakuwahi kusimama kushuhudia, aliacha kumenya viazi vya kambi. Akamalizia ule wimbo. Mama mwingine mzee karibu naye akaweka kisu chini. Wakaondoka pamoja na Kasiva hadi ghalani bila kumuaga mtu yeyote, wakafunga mlango.

Evanson alichukua nafasi yake nje. Aliambiwa alete fito, akaleta fito. Aliambiwa alete katani, akaleta. Alete magunia, matawi ya mbarika, majivu, na kila alipofika mlango ulifunguliwa upana wa mkono, mzigo ukaingia, mlango ukafungwa. Ndani wakongwe wale waliimba wakacheka mpaka wakakohoa. Watu waliokaa miaka na miaka wakiitikia amina kwa ushuhuda wa Evanson, kumbe walikuwa wanajua kila mahali alipokosea, na hawakuweza kumrekebisha bila kujitaja wenyewe.

"Ati moshi puani," alimsikia Susu Kalekye akisema, na kicheko kikaanza upya.

Pasta alipita. "Mzee, mbona uko nje?"

"Nasimamia," akasema Evanson.

Pasta akafurahi kuona kazi inasimamiwa. Lakini Evanson, ninavyomjua, hakuwa na furaha wala raha. Alikuwa mzee mwenye wajukuu, amekaa juu ya jiwe akitamani mlango ufunguliwe kidogo tu achungulie, kama alivyotamani kule kwenye mbuzi. Nusu ya moyo wake iliogopa kuumbuka. Nusu nyingine, na alijionea aibu kwa hilo, ilikuwa inataka tu kuingia.

Siku ya mwisho wazazi walijaa kiwanjani tangu asubuhi, ukungu wa Nunguni haujaondoka. Wavulana walipangwa mstari katika shuka zao, kila mmoja na fimbo, na bado walikuwa wanatembea miguu imeachana kama bata. Mbele yao alisimama Evanson, suti ya Jumapili, Biblia kwapani. Mulei alikuwa wa kwanza nyuma yake.

"Babu," Mulei akanong'ona, "ukimwona usimpige wewe. Tuachie sisi."

"Nitawaachia," akasema Evanson, na hakuwahi kuahidi jambo kwa ukweli zaidi.

Alijipa moyo. Fito alizileta mwenyewe. Magunia aliyanunua mwenyewe. Ndani ni dada yake, na dada yake ana baridi yabisi ya magoti. Mtu mzima ataogopaje magunia?

Kisha ule mtungi ukanguruma.

Sauti haikutoka mahali pamoja. Ilitoka katika majani ya ng'ombe nyuma ya choo cha kanisa, ikapita chini ya nyayo za watu, ikaingia tumboni. Mama mmoja alimkumbatia asiyemjua. Majani yakafunguka, na katika ukungu likatokea dude la kijivu, pana, halina macho, pembe yake imepakwa kitu chekundu, ambalo lilikuja kwanza polepole kisha si polepole. Ubavuni liliandikwa DHAMBI kwa rangi nyeupe, na neno lenyewe lilikuwa limepinduka kichwa chini, lakini hapakuwa na mtu wa kusoma.

Wavulana hawakukimbia. Tusiwasifu bure, hali yao haikuwaruhusu kukimbia. Evanson hakuzuiwa na kitu. Biblia ilianguka upande huu, kofia upande ule, na mzee wa kanisa, mshuhudiaji wa Kasikeu na Wote na redio, akaruka ua wa kayaba kwa suti ya Jumapili akaangukia katika kabichi za Wanjiro, akaamka, akaendelea.

Ngurumo ikakatika. Kutoka tumboni mwa kifaru ikasikika sauti ya mwanamke, ile ya kusimamisha lori.

"Kavisi. Rudi hapa."

Kavisi ni kivulana. Ni jina la mtoto ambaye bado. Kiwanja kizima kililisikia, na Evanson akasimama katikati ya kabichi mgongo umewaelekea watu, kwa sababu hilo ndilo jina aliloitwa na dada yake kule malishoni, na hakuwa amelisikia tangu mama yao azikwe.

Watu walianza kuelewa mmoja baada ya mwingine. Kimeu alielewa mapema kuliko wote, akafungua mdomo. Lakini kabla hajasema, Mulei alitoka mstarini. Alitembea vile alivyoweza hadi mbele ya yule mnyama, akamtazama, akampiga fimbo ya ubavuni. Mnyama akanguruma. Mulei akapiga tena, sasa kwa nguvu zake zote, na vumbi la majivu likatoka, na mnyama akaketi chini. Wavulana wakashangilia. Wakamfuata wote, kila mmoja na zamu yake.

Mulei hakushangilia. Alikwenda hadi kwenye ua wa kayaba akanyoosha fimbo yake juu ya miiba.

"Shika, babu. Ni wewe umebaki."

Evanson aligeuka. Uso wa mtoto haukuwa na dharau, na hiyo ndiyo ilimwuma zaidi. Angepewa dharau angejua la kufanya nayo. Alipita pengo la ua, matope magotini, akachukua fimbo. Alimwendea kifaru mbele ya watu wale wote waliokuwa wamelia kwa ajili yake.  Akapiga. Ngurumo iliyotoka ilikuwa kubwa kuliko zote alizopewa mtoto yeyote, ikamrudisha hatua, akasimama, akapiga tena.

Kifaru akalala ubavu. Chini yake akatoka Kasiva, majani kwenye kitambaa cha kichwa, jasho likimtiririka, kisha Susu Kalekye na ule mtungi wa kungurumia, kisha yule mama mwingine. Kanisa liliwatazama wale wazee.

Pasta Nthiwa alikuwa ameshika chupa ya mafuta ya upako na hakujua aipeleke wapi.

"Sasa ni wakati wa mlezi," akasema taratibu. "Lakini kwanza, mama Kasiva. Wewe ni dada yake. Huyu mzee alipita nzaiku, ama hakupita?"

Evanson alimtazama dada yake. Neno moja tu, naye angerudi kuwa mtu wa amina za kupewa pole, tena mbele ya Mulei. Hakuomba. Ghafla aliona hana haki ya kuomba.

Kasiva alijifuta uso kwa leso bila haraka.

"Amepita," akasema.

"Lini?" akauliza Kimeu.

"Leo. Kwani wewe ulikuwa wapi?"

Watu wakacheka, hata Wanjiro aliyekuwa anazikadiria kabichi zake. Kasiva akangoja kicheko kiishe.

"Sasa sikilizeni sheria, maana mmesema mnataka mambo yenyewe. Watu waliopita siku moja ni rika moja. Na mtu hawezi kumwekea rika yake mkono. Evanson, hapo mbele si pako. Nenda ukapige magoti na wenzako."

Huo ukawa mwisho wa kile alichokiwaza kwa miezi. Mkono wake haungekaa juu ya kichwa cha Mulei, si siku ile wala siku nyingine. Akaenda mstarini. Wavulana wakasogea kumpa nafasi, na akapiga magoti kwenye nyasi baridi kando ya mjukuu wake.

Pasta aliwatazama wale akina mama watatu. "Na mlezi atakuwa nani? Mama, wewe umeokoka?"

"Zamani. Na nzaiku nimepita. Hamkuwahi kuniuliza."

Pasta Nthiwa akampa chupa ya mafuta.

Kasiva alianzia mwisho wa mstari, Susu Kalekye nyuma yake akiimba ule wimbo, na sauti nyingine za kikongwe zikaanza kuitikia kutoka huku na huku katika umati, mahali ambapo hakuna aliyedhani kuna mtu anayeujua. Alimwekea mkono kila mvulana akamwambia neno lake sikioni. Alipomfikia Evanson alisimama kwa muda. Mkono ukatua kwenye mvi zake, mzito, unanuka mbarika na majivu.

"Sasa utasimulia yako," akamwambia polepole. "Yangu nirudishie."

Evanson akalia. Alilia kwa aibu, ndiyo, lakini zaidi alilia kwa furaha isiyo na adabu ya mtoto ambaye hatimaye ameitwa acheze na wakubwa. Mabega yalikuwa yanatikisika. Kasiva akapita kwa Mulei, akamwekea mkono, akamaliza, akaenda zake.

Mulei alimgusa babu yake kwa kiwiko, macho yakiwa bado mbele.

"Rika," akanong'ona, "nyamaza. Watatucheka sote."